Matangazo ya Ijumaa

Bulla Harey
Jumatano

Ndugu yangu Warsame,

Amani iwe juu yako, juu ya Shamso, na juu ya wote wanaolala ndani ya ua wako. Goti lako la kushoto linasemaje? Na kikohozi cha Shamso, kilimwacha vumbi lilipotulia, au bado? Waliopita hapa na lori juzi walituambia kwamba mvua imewafikia nyinyi wa Diff mapema kuliko sisi, na kwamba mabonde ya kuelekea mpakani yana nyasi zinazofika magoti ya mbuzi. Nikamshukuru Mungu kwa ajili yenu. Sisi huku ni wazima. Sukari ya Yurub inapanda na kushuka, lakini anatembea, anapika na ananigombeza, na mimi huyahesabu hayo matatu kuwa ni afya.

Utashangaa kuona karatasi. Tangu tulipolala bweni moja tumeandikiana kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha tuliyofundishwa kuandika kabla hatujajua kwamba hata ya mama zetu inaandikika; lakini simu zilipokuja tuliacha, nadhani ni miaka kumi na tano sasa. Leo ningeweza kukupigia. Ingekuwa rahisi, na hiyo ndiyo sababu sikupiga. Kwenye simu wewe huanza kucheka kabla sijamaliza salamu, nami nikikusikia ukicheka hugeuza nililokusudia kusema. Nimefanya hivyo mara tatu tangu kabla ya Ramadhani. Karatasi haicheki. Kwa hiyo vumilia, usome hadi mwisho, wala usimpe kijana akusomee kwa sauti mbele ya watu.

Nianze na habari za hapa, kama ninavyozianza kila Ijumaa. Mvua ya kwanza ya Gu, masika yetu, ilishuka Jumanne moja mchana, soko likiwa limejaa. Tulikwisha kukata tamaa na mawingu, maana yalikuwa yakija kila siku kututazama na kuondoka. Upepo ulitangulia ukang'oa mabati mawili ya kibanda cha Khadro, yule mjane anayeuza chai karibu na mizani ya mbuzi. Watu wakakimbilia kumpa pole. Akawaambia waache pole zao, kwamba Mungu amempa dirisha la juu bila fundi, na kwamba wale wanaokunywa chai kwa mkopo sasa watanyeshewa wakiwa wanafikiria deni. Tangu siku hiyo tumepata mvua nyingine mbili. Silanga, bwawa letu la maji ya mvua, imejaa nusu. Mbu wamerudi, na vyura, na wale wadudu wekundu wa velveti ambao watoto huwaweka kiganjani. Barabara ya Dadaab imekatika mahali pawili, lakini malori yanapita kwa kuzunguka.

Unajua watu wetu. Kiangazi chote cha Jilali hakuna anayepanga jambo. Mtu ukimwuliza harusi ni lini, anakutazama kama umemwuliza kifo chake ni lini. Mvua ikinyesha, kila mtu anataka kila kitu kifanyike ndani ya wiki mbili kabla matope hayajakauka. Daftari langu la matangazo limejaa. Jumamosi hii ni kusafisha mfereji wa silanga, kila nyumba itoe mtu na jembe. Jumatatu madaktari wa mifugo wanakuja kuchanja ngamia na mbuzi, na nimeombwa nisisitize kwamba chanjo haiui mimba, kwa sababu mwaka jana mtu mmoja alieneza habari hiyo na nusu ya mji ikawaficha wanyama vichakani. Jumatano watoto kumi na wanne wa chuo wanahitimu kusoma Kurani. Vijana wetu watacheza mpira na vijana wa kambi ya wakimbizi ya Ifo, na wazee wameomba mchezo huo usiishe kwa mawe kama ule wa mwisho. Halafu Hamse anamwoa Fosia. Ameahirisha mara nne. Khadro alimwambia mbele ya wateja wote kwamba amewahi kuona bwana harusi anayengoja mahari na anayengoja nyumba, lakini huyu ni wa kwanza kungoja majani yaote, na kwamba Fosia aangalie vizuri asije akawa anaolewa na mbuzi. Hamse alicheka kuliko wote. Ni kijana mwema.

Na Alhamisi ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi, katika jumba la mikutano lililo nyuma ya ofisi ya chifu, ni kesi ya Kerrow.

Najua unaijua kesi hiyo kuliko mimi, maana ngamia ni wako na mshtakiwa ni mchungaji wako. Hata hivyo niruhusu niieleze tangu mwanzo. Nilikuwa mwalimu miaka thelathini na mbili, siwezi kujibu swali bila kulinakili kwanza. Na nataka uione imeandikwa mahali pamoja, uone kila kipande kimekaa wapi.

Mwezi wa kwanza, visima vya upande wenu vilipokuwa vimebaki matope, ulimtuma Kerrow alete kundi lako hapa kwenye kisima chetu cha mashine. Alikuwa na ngamia ishirini na tisa. Siku zile zilikuwa siku mbaya. Makundi kumi au kumi na mawili yalikuwa yakisukumana kwenye mabirika kwa wakati mmoja, watu wakitukanana, mashine ikizimika na kuwaka. Kerrow alinywesha, akaondoka na vumbi. Siku ya pili, alipohesabu njiani, akakuta ishirini na saba. Ngamia jike mmoja aliyekuwa akinyonyesha hayupo, na ndama wake hayupo. Aliwaacha wengine kwa mwenzake akarudi hapa mbio, akauliza kisimani, akauliza sokoni, akazunguka vichakani siku tatu. Hakumpata. Akaja kwako mikono mitupu, na alikuambia mwenyewe, hakungoja uhesabu.

Wewe hukumshuku. Nakumbuka uliniambia hivyo. Ni wanao waliosema kwamba ngamia mwenye maziwa hapotei na ndama wake bila mtu kumwonyesha njia, na kwamba malori ya wanunuzi wa Garissa yalikuwa yameegesha pale pale kisimani. Halafu maneno yakakua. Wakasema Kerrow ametoka Ifo, baba yake alikimbia kutoka upande wa Baidoa, Kisomali chake ni kile cha kusini ambacho vijana wetu hukiigiza ili wachekeshane. Nani amjuaye kwao? Miaka sita amekuchungia, na kila mwaka umemwahidi mtamba mmoja, kama desturi ilivyo. Mitamba sita hiyo ndiyo mali yake yote duniani, na bado iko ndani ya kundi lako. Kesi ikimwangukia, mitamba inakwenda, na baada yake hakuna mtu kuanzia Diff hadi mto Tana atakayempa hata mbuzi wa kuchunga. Ramlo, mke wake, atabaki Ifo na watoto watano kwenye foleni ya mgao.

Tena kuna jambo la kiapo. Kwa desturi yetu, anayetuhumiwa bila shahidi hujitakasa kwa kuapa, na wanaume wa ukoo wake huapa naye. Kerrow hana wanaume hao. Wengine walibaki Baidoa, wengine wako makaburini, wengine Marekani. Ataapa peke yake, na kiapo cha mtu mmoja katika kikao chetu ni kama mguu mmoja wa kigoda.

Ndipo nyinyi wote, wewe na wanao na chifu na Sheikh Mowlid, mkakubaliana bila ubishi juu ya kitu kimoja tu: kwamba kesi isikilizwe na Mwalimu Diriye, kwa kuwa yeye hana upande.

Sasa nikueleze habari ya Jumapili iliyopita, kisha nitafika ninapokwenda.

Jumapili, kabla ya adhuhuri, Kerrow alifika kwangu. Lori lilimshusha njia panda na akatembea kilichobaki. Alivua viatu mbali na mlango, akaniita adeer, kama mtu anavyomwita ndugu wa baba yake. Yurub akamtania kwamba kwa ukubwa wa zile nyayo, ngamia angemsikia akija na kumkimbia, kwa hiyo kosa ni la miguu. Akacheka kwa adabu. Yurub akampa chai, halafu akaona midomo ilivyopasuka, akamletea bakuli la maziwa. Alilishika kwa mikono miwili. Alipomaliza nusu alisema kwamba ni mwezi wa tatu sasa hajanywa maziwa kwa hamu, kwa sababu kule kwenu akipewa, vijana wa nyumba humtazama koo kuhesabu anavyomeza. Akasema Mungu alibariki zizi lililotoa maziwa haya. Akamaliza bakuli.

Kisha akaniomba mawili. La kwanza, nimtangaze tena yule ngamia Ijumaa hii, kwa kuwa sasa mvua imenyesha na watu wanarudi kutoka malisho ya mbali, labda mmoja amemwona. La pili alilisema akitazama mkeka. Alisema anajua mimi ni mwamuzi na si haki kumwomba mwamuzi aape, lakini kama ningeacha uamuzi kwa mtu mwingine na kusimama upande wake, ingemtosha. Alisema yeye huku hana ukoo, ana Mwalimu tu. Kwamba mtu ambaye kwa miaka kumi na minane amesoma baadi za watu wote, wanyama wao waliopotea, bila kuficha hata mbuzi mwenye upele, kiapo chake kinasimama mahali pa wanaume kumi.

Nilimwambia nitafikiri.

Warsame, ngamia wako yuko kwangu. Yeye na ndama wake. Wamekuwa kwangu tangu siku ile ile ya kisimani. Maziwa aliyokunywa Kerrow yalikuwa yake.

Nimeiacha sentensi hiyo peke yake ili usiseme kwamba niliifunika kwa maelezo. Sasa nitaeleza, kwa sababu una haki ya kujua jinsi ilivyokuwa. Lakini yasome maelezo haya kama unavyosoma kazi ya mwanafunzi aliyechelewa.

Katika msukumano wa mabirika, ngamia wako alifuata ngamia wangu. Salat, anayenichungia, hakumwona mpaka walipofika malishoni jioni. Chapa ya moto ilikuwa ile ile, maana chapa ni ya ukoo wetu sote. Mkato wa sikio ndio uliokuwa mgeni kwake. Akaniletea habari Jumamosi, nami nikaenda Jumatatu kuangalia. Nilitambua mkato kabla sijashuka kwenye pikipiki. Ni mkato wa marehemu baba yako, sikio la kushoto, ncha imeondolewa kwa mshazari. Nilikuwepo alipokufundisha kuukata, ukalia wewe badala ya ndama.

Wewe huhitaji kufundishwa sheria ya baadi, lakini nitaiandika hapa, kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha watoto wa mji huu. Mnyama aliyepotea akijiunga na kundi lako, unamlinda kama wako. Ruhusa ya kumkama unayo, hayo ni malipo ya ulinzi. Sharti ni moja, nalo ni kutangaza: kwenye kila kisima, sokoni, msikitini. Ukitangaza, maziwa ni halali. Ukinyamaza, kila tone ni wizi. Na kwa ngamia dini imekaza zaidi, kwamba aachwe, ana miguu yake na maji yake tumboni, mwenyewe atamkuta.

Ijumaa ile ya kwanza nilisimama mlangoni mwa msikiti na daftari. Nilisoma punda wawili, mbuzi mwenye kengele, na mkoba wa mwanafunzi. Ngamia wako nilikuwa nimemwandika chini kabisa ya ukurasa. Nilipofika pale nilifunga daftari. Sikupanga. Asubuhi ile Salat alikuwa ameleta mtungi wa maziwa, wa kwanza baada ya wiki saba, kwa kuwa ngamia wangu watatu wote walikuwa wamekauka. Yurub alikunywa akalala vizuri, na Ramadhani ilikuwa inakaribia. Nikajiambia Ijumaa ijayo. Wiki moja ya maziwa kwa mgonjwa, nani angenilaumu? Hakuna ambaye angenilaumu, Warsame. Wewe mwenyewe ungeniambia nimweke mwaka mzima. Hilo ndilo linalonichoma. Niliiba kitu ambacho ningepewa kabla sijamaliza kukiomba.

Ijumaa ya pili nilishindwa kwa sababu ya ile ya kwanza. Nilifikiri wataniuliza amekuja lini, nami nitasema wiki mbili, na mtu mmoja atamtazama mwenzake. Hicho tu. Niliogopa mtu mmoja kumtazama mwenzake. Jumatatu iliyofuata ukanipigia. Jibu lilikuwa mdomoni. Ulianza kwa kucheka, ukasema una habari mbaya lakini za kawaida, ngamia na ndama wamekupotea kwenye kisima chetu, na kwamba hukuwa na wasiwasi mkubwa kwa kuwa matangazo ya huko yako mikononi mwa Diriye. Nikakuambia pole. Nikakuambia nitatangaza.

Na nikatangaza. Huenda hili wanao walikuambia kama jambo la kunisifu. Ijumaa ile nilisimama na kipaza sauti nikamweleza ngamia wako vizuri kuliko baadi yeyote niliyewahi kumsoma: rangi yake, kovu la goti, mkato wa sikio, ndama wa kike wa miezi miwili. Nikasema atakayemwona amlete kwangu. Wazee walinishika mkono. Mmoja alisema ukimsikiliza Mwalimu unamwona mnyama mbele yako. Nilirudi nyumbani nikamkuta mbele yangu kweli, kwenye mtungi.

Tulifuturu kwa maziwa yale siku zote za Ramadhani. Nilimkaribisha Sheikh Mowlid mara mbili. Salat aliniuliza mapema kwa nini sijamsoma yule mgeni wetu. Nikamwambia mwenyewe ameshajulishwa, ameomba tumtunzie hadi mvua. Aliamini papo hapo. Akasema afadhali, maana alikuwa ameanza kuogopa kwamba Mwalimu amekuwa mtu kama sisi. Alikuwa anatania.

Habari za Kerrow kutuhumiwa zilinifikia baada ya Idi. Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema na sikusema, na kuanzia siku hiyo siwezi tena kutaja maziwa wala ugonjwa wa mke wangu. Hapo ilikuwa mtu anazama na mimi nimesimama ukingoni nikilinda kanzu yangu isilowe. Nilijiambia kesi haitafika popote kwa kuwa hakuna ushahidi. Nilijiambia kwamba nikiwa mwamuzi nitamwachilia. Hebu fikiria ubaya wa wazo hilo. Nilikuwa tayari kumpa mtu haki yake kama zawadi kutoka kwangu, naye anishukuru.

Wiki mbili zilizopita, mvua ilipotulia, Salat alikuja kuniuliza swali la msimu. Unajua Gu ndio wakati wa kutia alama wanyama wadogo, wakati wameshiba na vidonda hupona haraka. Aliuliza yule ndama wa mgeni atiwe mkato gani, kisu kiko tayari. Natamani ningekuandikia kwamba nilimkemea. Nilimwambia angoje kidogo. Nilikaa zaidi ya wiki nikijua kwamba katika maneno yale "angoje kidogo" mlikuwa na mtu ambaye simjui, naye amevaa miwani yangu.

Halafu akaja Kerrow na midomo yake iliyopasuka, akalibariki zizi langu.

Jana alasiri nilimwambia Yurub. Alikuwa anamimina maziwa kwenye chai. Alisimama kwanza, kisha akayamwaga yote nje, karibu na ukuta, akaosha mtungi kwa majivu. Aliporudi aliniuliza kama itambidi alipe siku thelathini za saumu. Ni swali la kisheria, lina jibu, na mimi nikaanza kulijibu, nikamwambia kwamba asiyejua hana dhambi, kwamba wanazuoni wametofautisha kati ya… Akaniambia nisimweleze kitu. Tumeoana miaka arobaini na moja na hajawahi kuniambia neno hilo. Tangu jana ananipa chakula na maji, wala hanigombezi.

Sasa nikuambie nilichofanya na nitakachofanya.

Barua hii inakuja kwa lori la Mustaf, linaondoka kesho alfajiri, na akipata njia itakufikia kesho hiyo hiyo kabla ya magharibi. Salat anaondoka kesho pia, kwa miguu, na ngamia na ndama. Watakuwa kwako Jumapili au Jumatatu. Nimemweleza Salat ukweli. Akasema kwamba basi yeye naye amekuwa mwizi miezi mitatu bila kupewa hata fahari ya kujua. Usimlaumu kwa lolote. Ndama hajatiwa mkato, sikio lake ni zima. Hiyo ni kazi yako na kisu cha baba yako.

Leo asubuhi nilikwenda kwa chifu nikamwambia siwezi kusikiliza kesi. Aliuliza kama naumwa. Nikamwambia nitamjulisha sababu pamoja na watu wengine wote, Ijumaa. Alidhani namheshimu mwenzangu fulani mwenye cheo zaidi, akanisifu kwa unyenyekevu. Ndivyo ilivyo sasa, kila ninachofanya kinageuka sifa, na kila sifa ni kofi.

Keshokutwa, Ijumaa, nitasoma matangazo kwa mara ya mwisho. Nitasoma mfereji wa silanga, na chanjo ambayo haiui mimba, na watoto kumi na wanne, na mpira, na Hamse na Fosia. Kisha nitasoma hili, na nimeliandika hivi: "Ngamia jike wa Warsame wa Diff, aliyepotea kisimani kwetu mwezi wa kwanza na ndama wake, alikuwa katika zizi la Diriye, mwalimu mstaafu, tangu siku hiyo. Diriye alijua ni wa nani. Kerrow mchungaji hana hatia yoyote." Nilikuwa nimeandika mistari mingine minane ya kueleza. Nimeifuta.

Alhamisi nitakuja kikaoni kama mshtakiwa. Kerrow ana haki ya fidia ya heshima iliyovunjwa, na wazee watataja kiasi chake. Chochote watakachokitaja nitakitoa, na wakitaja kidogo kwa kunionea haya nitawaomba waongeze. Maziwa yako ya siku mia moja na zaidi ni deni jingine, na hilo ni kati yangu na wewe na Mungu.

Ninakuomba jambo moja, na si msamaha. Msamaha usinipe sasa, hata ukikujia mwepesi, na nakujua, utakujia mwepesi. Ninakuomba hivi: mwendee Kerrow kabla ya Ijumaa adhuhuri. Mtu akishasikia tangazo langu hapa, simu italifikisha Diff kabla sijavaa viatu, na vijana watamkimbilia wakimpiga mgongoni kwa kicheko, kama walivyokicheka Kisomali chake. Asijue kwamba yeye ni msafi kutoka kwenye kelele. Nilipaswa kumwambia mimi, Jumapili, alipokuwa amekaa mbele yangu, nikashindwa. Neno langu litamtoa hatiani tu. La mwenye ngamia ndilo litakalomrudisha mezani, na wanao wakiwa wamekaa hapo wakisikia. Mwonyeshe mitamba yake sita ni ipi, umkabidhi mbele yao. Halafu umwambie kwamba alipoomba ukoo, aliomba mlango usiofaa, na kwamba mimi nimekiri hivyo kwa mkono wangu.

Msalimie Shamso. Mpe mkono kwa niaba ya Yurub, ambaye salamu zake ni safi na hazina uhusiano na zangu. Waambie wanao kwamba walikuwa sahihi kuhusu jambo moja, ngamia mwenye maziwa hapotei na ndama wake bila mtu. Mvua iendelee kuwa nanyi, na mifugo yenu izae salama.

Mahali hapa, tangu bwenini, nimekuwa nikiandika "ndugu yako". Leo nimeandika jina tu. Ukiona inafaa, kamilisha mwenyewe.

Diriye